Futi Ishirini Ndani ya Kamba

Turubai jipya lina harufu yake, na ukishaijua huwezi kuichanganya na nyingine. Kuna mafuta ya taa kidogo, nta kidogo, na vumbi la ghalani. Mwezi uliopita nilikuwa Bagamoyo mjini, katika duka moja la vitambaa, natafuta jora zito la mapazia, kwa sababu riziki yangu mimi ni kushona mapazia. Kijana wa duka akakunjua turubai la kijani mbele yangu ili alifikie jora lililokuwa chini yake. Harufu ikanipanda puani, nikaishika meza kwa mikono miwili. Kijana wa watu akadhani naanguka, akanivutia kiti na kuniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimekula, tena vizuri. Ila kwa dakika ile nilikuwa nimerudi Kerege, nina miaka kumi na minne, nimekaa mkekani miguu nimeinyoosha, na nje ya dirisha langu kuna ulingo wa ngumi.

Naomba nieleze taratibu, maana nikisema hivyo tu watu hucheka.

Baba yangu alikuwa fundi seremala wa milango na madirisha. Ujanani alipigana ngumi, na ingawa hakuna aliyewahi kutuonyesha hata picha moja ya siku hizo, tulilelewa kwa kuamini kwamba alikuwa hatari. Pua yake ilikuwa imelala upande, nasi tuliichukulia pua hiyo kama cheti. Kaka yangu Sefu alipofika miaka kumi na tisa, mrefu, mwembamba, mwepesi wa miguu kuliko vijana wote wa barabarani pale, baba aliona kwamba Mungu amemrudishia ujana wake. Akaamua kujenga ulingo nyuma ya nyumba yetu, na Idd ya kuchinja ikifika, Idd pili, Sefu ndiye atakayeufungua.

Palikuwa na mikorosho miwili mahali pale. Aliikata yote miwili. Mama, aliyekuwa akiuza korosho zake kila msimu, alikaa siku kadhaa akimpa chakula bila kumsemesha. Lakini hata mama baadaye alikubali yaishe, akatoa khanga zake kuukuu zizungushiwe kamba, kwa sababu zile kamba za katani zilichubua mgongo kama mbuzi ya kukunia nazi.

Sasa upande wangu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo, na katika kusubiri huko nikavunja ungo. Kwetu jambo hilo halikuachwa lipite kimyakimya. Niliwekwa ndani, nikawa mwali. Chumba chenyewe kilikuwa cha mwisho, cha upande wa uani, kina kitanda, mkeka, mtungi wa maji, na dirisha moja la ubao lililotazama kiwanja cha nyuma. Mwali haonekani na wanaume, hata baba yake, hata kaka yake. Sauti yake haisikiki. Huongea kwa kunong'ona, tena na wanawake tu. Anasuguliwa liwa mpaka ananukia kama sanduku la bibi harusi, anakula vizuri, ananenepa, anafundwa. Yale niliyofundwa siwezi kuyaandika hapa. Ninaloweza kuwaambia ni kwamba nilichoka. Nilichoka kukaa, nilichoka kulala, nilichoka hata kula, na sikuwahi kudhani kama mtu anaweza kuchoka kula.

Aliyenifunda alikuwa Bi Mwanaidi, binamu yake baba, mtoto wa shangazi yake. Mama mnene, mfupi, mwenye kucheka kwa ghafla na kunyamaza kwa ghafla. Kwa kuwa yeye na baba walikuwa mabinamu, utani wao haukuwa na mipaka. Angeweza kumwambia baba mbele ya wateja kwamba milango yake inafungwa kwa kuombewa dua, na baba angecheka. Kwangu mimi hakuwa na utani hata kidogo. "Macho chini, mwali," ndiyo ilikuwa salamu yake. Na juu ya dirisha alikuwa na amri yake: lisifunguliwe wakati wanaume wako uani.

Lilikuwa halifunguliwi. Lakini kati ya mbao za dirisha lile palikuwa na mwanya wa kupitisha kiganja, na hakuna aliyenikataza kupumua karibu na mwanya.

Kwa hiyo niliuona ulingo ukizaliwa. Kwanza baba alisimamisha miguu ya mkaratusi, kisha akatandika sakafu juu yake, futi tatu na nusu kutoka ardhini, mbao pana, kila ubao futi moja kwa upana. Vijana walipokanyaga pale juu, sakafu ililia kama ngoma, na mlio wake niliusikia kwenye godoro langu. Kisha zikasimama nguzo nne za kona: moja nyekundu, inayoitazama bluu, na mbili nyeupe ambazo si za mtu. Nyeupe moja ilikuwa karibu sana na dirisha langu, kiasi kwamba rangi ilipokuwa mbichi kichwa kiliniuma. Kisha kamba nne kila upande, ya chini usawa wa goti, ya juu usawa wa kifua cha mtu mzima, na kati yake vifungo vya kuzishika zisiachane, mtu asije akadondokea nje. Turubai la kufunika sakafu, pamoja na magodoro ya kutandika chini yake, vilikuwa bado havijaletwa.

Mwalimu wa ngumi wa Sefu na wenzake alikuja siku moja na karatasi, akasimama karibu na kona yangu nyeupe akimsomea baba vipimo. "Futi ishirini, fundi. Ishirini ndani ya kamba. Halafu sakafu izidi nje ya kamba, mbili kila upande, mtu akisukumwa asidondoke." Baba akajibu, "Ishirini, nimekuelewa," kwa ile sauti ya mtu aliyepima vitu maisha yake yote.

Jioni, baada ya mazoezi, Sefu alikuwa akija kukaa kwenye kibaraza chini ya dirisha langu, mgongo ukutani. Kunitazama ilikuwa mwiko, lakini ukuta hauna mwiko. Nilisikia pumzi zake kabla ya maneno.

"Mwali, upo? Usijibu, najua hujibu." Kisha angesema lolote, juu ya njaa, juu ya mpira, juu ya baba. Siku zilivyosogea, mazungumzo yake yakawa ya jambo moja. "Nikirudi nyuma hatua mbili, kamba hii hapa mgongoni. Nikienda kushoto, nguzo. Nikienda kulia, nguzo. Hakuna pa kupita mle, mdogo wangu. Wakati mwingine naona kama nashindwa kuvuta pumzi."

Moyo wangu uliniuma kwa namna ambayo sikuwahi kuumwa kabla, kwa sababu nilijua anakwenda kupigana na nani. Mpinzani wake alikuwa kijana wa Bunju waliyemwita Trekta. Trekta hakuwa na mbio wala ufundi. Alikuwa akitembea tu kukufuata, polepole, mpaka unafika ukutani, halafu anaanza. Alikuwa amekwisha kumvunja taya kijana mmoja wa Mapinga, ambaye tuliambiwa bado anakunywa uji kwa mrija. Dawa pekee ya mtu wa aina hiyo ni nafasi ya kumzungusha mpaka achoke. Sefu alikuwa na miguu. Nafasi ndiyo hakuwa nayo.

Nikaanza kuutazama ulingo kwa jicho jingine. Na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine duniani, nilihesabu mbao. Toka kamba ya upande huu mpaka kamba ya upande ule, mbao kumi na sita. Nikahesabu tena asubuhi jua likiwa upande wa pili, nikidhani macho yamenidanganya. Kumi na sita. Ndipo nikaelewa alichofanya baba yangu. Fremu ya mlango hupimwa kwa nje, kwa sababu mwashi anataka kujua ukubwa wa tundu la kuacha ukutani. Baba alikuwa amepima fremu maisha yake yote. Akaambiwa ishirini, akaikata sakafu ishirini toka ukingo hadi ukingo, kisha akaziingiza kamba ndani futi mbili kila upande kama alivyoagizwa. Hakuna aliyemsahihisha. Mwalimu wa ngumi aliitazama sakafu, akaona kubwa, akaridhika.

Turubai likiletwa na kupigiliwa misumari, hakuna atakayeziona mbao tena.

Wasomaji wangu, jiwekeni mahali pangu. Kumwambia baba siwezi, hapaswi hata kuisikia sauti yangu. Kumwambia Sefu pale kibarazani ni vilevile. Naweza kumwambia mama au Bi Mwanaidi, lakini nikishasema mbao ziko kumi na sita, swali la kwanza litakuwa moja tu: umezionaje? Na mwali anayechungulia wanaume anajitafutia makubwa. Nilikaa na jambo hilo siku mbili nzima, chakula hakipiti, mpaka Bi Mwanaidi akanishika tumbo akidhani nina minyoo. Turubai likaja. Lilishushwa uani asubuhi likiwa limekunjwa, na harufu yake ikaingia mpaka chumbani, ikaifunika liwa yote niliyopakwa.

Nikamnong'oneza Bi Mwanaidi. Nilimwambia yote bila kuinua macho, kona nyeupe, futi mbili nje, Trekta, mrija wa uji. Nilipomaliza, akauliza kama nilivyojua atauliza.

"Umezionaje?"

Akageuka kulitazama dirisha, akautazama mwanya, akanitazama mimi. Akaikaza khanga yake kiunoni na kutoka.

Niliusogelea mwanya, kwa kuwa nilijua ni mara ya mwisho. Uani vijana walikuwa wanakunjua turubai, baba ana nyundo mkononi na misumari mdomoni. Bi Mwanaidi alivua kandambili zake chini, akapanda ngazi za ulingo huku akihema, akainama, akapita katikati ya kamba. Hakuna mwanamke aliyewahi kupita mle. Sefu na mwenzake waliokuwa mazoezini mle walisogea kando na glovu zao kama watoto waliokutwa jikoni.

"Binamu," baba alisema, misumari ikiwa bado mdomoni, "unatafuta mpinzani?"

"Natafuta mbao zako, binamu. Nyamaza nisipoteze hesabu."

Akaanza kutembea toka kamba hadi kamba, mguu mmoja kila ubao, akihesabu kwa sauti ya kuita swala. Alipofika kumi na sita, tumbo lake liligusa kamba ya upande wa pili. Akasimama.

"Karatasi yenu inasemaje?"

"Ishirini," alisema mwalimu wa ngumi.

"Nne ziko wapi? Nimezikanyaga bila kuziona?" Akauchungulia ukingo nje ya kamba. "Ee! Hizi hapa mbili. Na kule mbili. Huku nje anapigana nani, binamu? Kuku?"

Vijana waliangua kicheko. Baba hakucheka. Aliitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akachukua tepu na kupima mwenyewe, akapima na upande wa pili. Kisha akakaa kwenye ukingo wa sakafu, akaishika pua yake ile iliyolala. Nilimwonea huruma mpaka nikajuta. Fundi anapokosea kipimo mbele za watu hakuna pa kuuweka uso.

Alipoinuka alikuwa mtu wa kazi. Kwa siku tatu alizisogeza nguzo mpaka ukingoni, akaongeza sakafu pande zote nne, na mbao zilipopungua alitumia zile za mlango wa jirani yetu, ambaye alikaa na pazia mlangoni mpaka Idd ikapita. Ulingo ukawa futi ishirini ndani ya kamba, ishirini na nne kwa jumla, nao ukakijaza kiwanja chetu mpaka mama akawa anapita ubavu kwenda jikoni. Turubai likatandikwa, likakazwa, likapigiliwa.

Na baba alipomaliza, Bi Mwanaidi alimwambia kuna kazi moja ndogo imebaki. Baba akaja na ubao, akaupigilia juu ya dirisha langu kwa nje. Nilimsikia pale upande wa pili, karibu kuliko alivyowahi kuwa kwa wiki nyingi, akivuta pumzi kila nyundo inapotua. Sidhani kama aliambiwa sababu. Chumba kikawa giza. Sefu alikuwa amepata futi nne na mimi nimepoteza kiganja changu cha mwanga, na nawaambia kweli, nililia kwa hasira na nilifurahi, vyote pamoja.

Sefu aliendelea kuja jioni. Nilitegemea atafurahi. Alikaa tu, akagonga ukuta mara moja kwa kisogo chake. "Mlango wa watu umeliwa kwa ajili yangu," alisema siku moja. Siku nyingine nilisikia tu pumzi zake mpaka adhana ya Magharibi.

Idd pili ilipofika, ubao ule mbichi ulikuwa umekauka na kujikunja kidogo, ukaacha ufa wa upana wa kidole. Uani watu walijaa mpaka juu ya kuta, na Bi Mwanaidi, ambaye alipaswa kuwa ananilinda, alivuta kigoda akakaa nami ufani, jicho lake juu, langu chini.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Sefu. Natamani mngemwona. Aliuzunguka ule ulingo kama anauchora, Trekta akimfuata kwa mwendo wake wa kwenda shamba, na kila alipokaribia kumfikisha kwenye kamba, Sefu alikuwa hayupo. Watu walipiga miluzi. Baba alikuwa anaipiga sakafu kwa viganja. Kengele ilikuwa rimu ya gari, na ilipogongwa, Trekta alikuwa hajamgusa hata mara moja. Bi Mwanaidi aliniminya bega. "Mbao zako hizo," alininong'oneza.

Raundi ya pili ilianza vilevile. Kisha Sefu akaja kwenye kona nyeupe ya karibu nasi, akasimama. Trekta alikuwa bado mbali, katikati. Nafasi ilikuwa tele, kushoto na kulia. Sefu alitazama kushoto, akatazama kulia. Nikafungua mdomo nimpigie kelele ahame, kiganja cha Bi Mwanaidi kikaufunika. Sefu akageuka, akaisukuma kamba ya pili kwa glovu, akapitisha mguu, akainama, akatoka. Alishuka chini, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimpisha bila kujua wanampisha aende wapi, akaifikia barabara ya Bagamoyo, glovu zikiwa bado mikononi.

Uani watu wakaanza kuzomea. Trekta alibaki peke yake katika ulingo ule mkubwa, mikono imening'inia, hajui kama ameshinda. Baba alikuwa bado ameviweka viganja vyake juu ya turubai.

Kesho yake asubuhi nilimwona baba kupitia ufa. Alikuwa ulingoni na tepu, anapima. Alipima upande kwa upande, kisha kona kwa kona, kisha urefu wa kamba toka chini.

Mimi nilitolewa Ijumaa iliyofuata, kwa ngoma na vigelegele, na watu walisema nimependeza. Sefu alikuwa ameshafika Mlingotini kwa mjomba, akalima mwani, na hakurudi Kerege kuishi tena. Wengi walisema ni mwoga. Baba hakusema hivyo, wala hakuwahi kumuuliza. Ila kila alipokwenda Dar alipitia kumbi za ngumi mchana, wakati hakuna pambano, kwenda kuona wenzake wamejengaje.

Ilipita miaka mingi. Baba alipokuwa mzee, magoti yake yameanza kumgomea, nilimpeleka Mlingotini kumwona Sefu. Maji yalikuwa yamekupwa. Tulimkuta nje ya nyumba yake amekaa chini, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba, watoto wake wakimsaidia. Baba aliketi, akapewa maji, akaulizwa hali. Kisha akasema, kama mtu aliyelibeba jambo mpaka likamzoea, "Sefu, nikuulize. Ule ulingo. Nilikosea wapi tena?"

Sefu akaiacha kamba. "Hukukosea, baba."

"Kamba zilikuwa chini? Au turubai liliteleza?"

"Ulikuwa sawa kabisa. Ulingo ulipokuwa mdogo nilijiambia kila siku kwamba shida yangu ni udogo wake. Mlipoupanua nikapigana raundi nzima, hakunigusa. Nikaona nafasi ninayo, pumzi ninayo, na bado nataka kutoka. Ndiyo maana nilitoka."

Baba akanyoosha mkono, akachukua kipande cha mwani, akaomba aonyeshwe namna ya kufunga.

Nami nilikaa pale nikiwatazama, machozi yananitoka na siyafuti. Nilikuwa nimekumbuka zile jioni zote za kibarazani. Katika nyumba nzima, mtu pekee aliyekuwa amefungiwa kama Sefu nilikuwa mimi, na ndiyo sababu alikuja kwangu, akaniambia kwa lugha rahisi kabisa kwamba hapati pumzi. Nami niliyekuwa nalia kila siku kwa kufungiwa, nilimhesabia mbao.